Kiganja Kimoja Chini ya Alama

Ngoliba,
Alhamisi, baada ya adhuhuri.

Kwako ndugu yangu Macharia,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, kwa Safaa na kwa watoto wote. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Mwihoko, wewe na Jackie na mtoto, na kwamba duka lako la mabomba kule Ruiru linaendelea vizuri. Sisi huku tunapumua. Safaa amesimama hapa nyuma yangu na kunikumbusha nimwambie Jackie kwamba ile sufuria yake kubwa bado tunaitunza, haijatoboka, na atakapokuja ataikuta ikimngoja.

Najua umeshangaa. Abdulnasir, aliyekuwa akinakili insha zako darasani mpaka na makosa yake, leo anakuandikia barua, tena ndefu, na simu anayo mfukoni. Barua hii nitampa Idah wa nyanya, yule anayeshusha makreti yake Githurai, nitaifunga kwa gundi na nimemwambia asimwachie jirani wala mtu wa dukani, akupe mkononi. Simu nilijaribu mara tatu. Mara ya kwanza tukaongea mpira. Mara ya pili nikakuuliza kama Ruiru kumenyesha. Mara ya tatu nilikata kabla hujapokea, halafu nikakutumia ujumbe kwamba ni mtoto alikuwa akichezea simu. Haikuwa mtoto. Mdomo wangu nimeona si wa kutegemewa, basi nimeamua kuutumia mkono.

Kabla ya yote, baba yako yuko hai. Hilo naliweka mbele ili usome mengine ukiwa umekaa chini. Ameumia vibaya, analala sebuleni kwenye kile kitanda cha mbao, dada yako Wangeci anamwangalia mchana kutwa, na mpaka leo alfajiri alikuwa ametukataza sote tusikwambie. Wangeci amemtii, na usimlaumu kwa hilo. Nitakueleza alivyoumia, lakini siwezi kuanzia hapo, maana ukisikia mwisho bila mwanzo utadhani ilikuwa ajali.

Wewe unaujua ule mwamba wa mtoni, tumeoga pale tangu tukiwa hatuna haya. Hata hivyo nitaueleza kana kwamba hujawahi kuuona, kwa sababu huenda barua hii ikasomwa na watu wengine.

Mto wetu ukipita shamba la Mburu hujikusanya kwanza kwenye bwawa la juu. Hapo ndipo pampu zote thelathini za chama chetu cha maji zinapovuta. Bwawa hilo limezuiwa na mwamba mpana, na maji yakitosha humwagika juu ya mdomo wa mwamba na kuteremka kwenye bwawa la chini. La chini hatulivuti. Ni la viboko tangu zamani. Ubavuni mwa mwamba, upande wa juu, kuna mstari mweupe wa rangi. Mstari ukiwa ndani ya maji, tunamwagilia. Mstari ukitokeza na kukauka, mlinzi wa mstari anapandisha kitambaa chekundu kwenye mlingoti pale barabarani, na kila mtu anazima pampu yake, hata kama sukuma wiki imeanza kukunja majani, mpaka maji yapande tena. Hatuna askari wala kufuli. Tuna rangi na kitambaa tu, na miaka yote vimetutosha. Mlinzi wa kwanza alikuwa marehemu baba yangu, mzee Idarous. Alipofariki chama kikanipa mimi kazi hiyo, na mwenyekiti wetu Mburu akasema mbele ya watu kwamba nyumba ile haijui kudanganya.

Utakumbuka pia ile miaka mitatu nyuma, kitambaa kilipokaa juu siku kumi na mbili mfululizo. Mishiri yetu, yale maharagwe membamba yanayopelekwa ng'ambo, ilinyauka ikiwa na maua. Wakala aliyekuwa akiinunua alituambia ikitokea tena atahamia kwa wakulima wa ng'ambo ya barabara. Mwaka uliofuata ndio yakaja yale mafuriko makubwa ya Aprili, yakang'oa miti, yakachukua mizinga ya nyuki ya watu, na yakaisugua rangi yote ya mstari. Chama kikanipa brashi na kopo la rangi nyeupe niuchore upya. Nikauchora.

Mwaka jana mvua ya Oktoba haikuja. Mawingu yalikuwa yakikusanyika kila alasiri, yanatutazama, halafu yanaenda zao Ukambani. Novemba ikapita hivyo. Lakini mstari ulibaki ndani ya maji, na pampu zikaendelea kunguruma, na mishiri ikastawi mpaka wakala akaja kupiga picha. Watu walikuwa wakinipa mkono njiani. Kila asubuhi nilishuka na daftari la chama, nikautazama mstari, nikaandika tarehe na neno moja: umelowa.

Kule chini mambo yalikuwa yakibadilika, na sitajifanya sikuyaona. Kwanza vyura walinyamaza. Halafu wakaja korongo, wengi ajabu, utadhani wametumiwa kadi za harusi, wakawa wanatembea kwenye matope wakiokota kambare waliokwama humo wakihema. Wiki nzima walikula. Siku moja nikashuka nisimkute hata korongo mmoja, na harufu ikaanza kupanda hadi nyumbani. Safaa akalifunga dirisha la jikoni linalotazama mtoni na mpaka leo hajalifungua. Mngurumo wa viboko nao ukawa hautoki mahali pake. Ule tuliozoea kuusikia kutoka bondeni tukawa tunausikia nyuma ya mashamba, upande wa shule. Nikajiambia ni kiangazi tu, kiangazi kina mambo yake.

Mwisho wa Novemba nyayo zikaonekana kwenye shamba la Mburu, halafu kwenye langu. Wiki ya kwanza ya Desemba, Sifuna, yule kijana wa Mburu wa kukata nyasi, alikutana na kiboko jike saa nne asubuhi, jua likiwaka. Umsalimie ukipata nafasi, yuko kwa kaka yake Thika. Mguu madaktari hawakuweza kuuokoa. Maofisa wa wanyamapori walikuja, wakazunguka, wakatuambia kwamba kiboko anayetembea saa nne hatafuti chakula. Ngozi inamuungua. Walisema tunaweza kuzungusha seng'enge tukitaka, lakini dawa ni maji kurudi bwawani, na wakatuuliza yameenda wapi.

Hapo ndipo mkutano ukaitwa. Watu walikuwa na hasira, na hasira hiyo ilitafuta pa kukaa. Wakasema mstari umelowa, sheria tumeifuata sote, basi ikiwa bwawa la chini linakauka lazima kuna mtu anaiba. Kamati ikatembea ukingoni, na mimi nikiwemo. Tukaikuta ile pampu ya bluu uliyomletea mzee wako, ikiwa bado ya moto, siku isiyo zamu yake. Bomba lake halikuelekea shambani. Lilipanda juu ya mwamba na kuteremka kwenye bwawa la chini.

Baba yako alisimama mkutanoni akavua kofia na kusema wazi kwamba hakuwa akiiba, alikuwa akiwarudishia viboko maji. Watu walicheka, Macharia. Mburu alicheka mpaka akafuta macho. Mmoja akauliza kama mzee siku hizi anafuga viboko wa maziwa. Wakasema hakuna mtu mwenye akili timamu anayechoma petroli kwa ajili ya mnyama wa porini, bila shaka ana shamba la siri mahali na bomba lile la juu ya mwamba ni la kutupumbaza. Mwishowe wakanigeukia mimi, mlinzi, wakataka niseme kama mstari ulikuwa umelowa siku zote hizo. Nikafungua daftari. Nikawasomea kurasa mbili: umelowa, umelowa, umelowa. Baba yako alikuwa akinitazama muda wote huo, na uso wake haukuwa na hasira. Nilipomaliza kusoma alivaa kofia yake na kukaa. Pampu ikapelekwa stoo ya chama, na jina lake likafutwa kwenye orodha ya wanachama, yeye ambaye alikuwa miongoni mwa waliokianzisha chama.

Jioni ile ukanipigia. Uliniuliza kama ni ukweli mzee anaiba maji. Nikakujibu kwamba kamati imeona kwa macho yake. Ukasema umeaibika, wewe unayewauzia watu pampu, kumbe yako ndiyo ya wizi, na kwamba hutakanyaga kwenu mpaka aombe msamaha mbele ya watu. Nikakuambia pole. Krismasi ikaja na hukuja. Wangeci alichinja kuku wawili kwa mazoea, na mzee akampelekea Safaa mmoja.

Baada ya kunyang'anywa pampu, baba yako alihamia njiani. Unajua njia ya shule inapita kati ya bwawa la chini na majani marefu. Kila asubuhi kabla watoto hawajapita, na kila alasiri wakirudi, alikaa pale kwenye jiwe akiwa na debe bovu na fimbo. Njia ikiwa salama alilipiga polepole. Kiboko akiwa nje alilipiga kwa haraka, na watoto wakazungukia barabara ya juu. Wao wakamwita Guka wa Debe, kana kwamba ni babu yao wote. Hayat wangu, yule uliyembeba mgongoni, sasa yuko gredi ya tatu, alikuwa akimpelekea andazi moja kila siku kutoka jikoni kwa mama yake. Watu wazima walisema mzee amechanganyikiwa, aibu imempanda kichwani.

Mimi nilikuwa nikimpita pale kila asubuhi na daftari langu. Tunasalimiana vizuri. Halafu ananiuliza swali moja, kila siku lilelile: mstari unasemaje? Nami namjibu, umelowa, mzee. Anasema haya, na kuendelea kupiga debe. Alasiri nikirudi kutazama tena, ananiuliza tena.

Jumatatu hii ndiyo siku aliyoumia. Kule bwawani kumebaki tope la kufika kwenye kifundo, na yule jike aliye na mtoto amehamia kwenye mtaro wa maji machafu kando ya njia, mahali ambapo majani yamefunika. Hakuna aliyejua kama yumo humo. Hayat alikuwa mbele ya wenzake na andazi lake kwenye karatasi. Mzee alipoona majani yakitikisika akalipiga debe kwa haraka, lakini mtoto, badala ya kurudi nyuma, akakimbilia kwa mtu anayemwamini. Alimkimbilia guka yake. Watoto waliokuwa nyuma wanasema mzee alisimama, akamrushia mnyama debe usoni, akamshika Hayat na kumtupa juu ya ua wa miiba. Mnyama aliuma debe kwanza. Lina matundu mawili ambayo ngumi yangu inapita. Kisha akamgonga mzee ubavuni na kumwangusha bondeni, halafu akarudi mtaroni kwa mtoto wake.

Hayat ana mikwaruzo ya miiba tu. Baba yako mbavu zimevunjika, na nyonga hawezi hata kuigusa. Anapumua kama mtu anayepanda mlima. Muuguzi wa zahanati alisema apelekwe Thika siku ileile. Mzee akakataa. Alimwambia Wangeci kwamba kitanda kile kimeelekea dirisha na dirisha limeelekea mlingoti, na hatatoka pale mpaka aone kitambaa chekundu kimepanda. Wangeci alilia, nami nikaingilia kati, nikamwambia kitambaa kinapandishwa mstari ukikauka. Akasema hilo analijua.

Jumanne nilikaa naye peke yetu. Akanisimulia kitu ambacho baba yangu hakuwahi kunieleza, au alinieleza nikiwa nimesinzia. Alisema mwaka ule wa njaa ya themanini na nne maji yalipungua hivihivi, na viboko wakaanza kutembea mchana, na wakaua watu wawili, mmoja wao akiwa mama mjamzito. Baada ya mazishi yeye na baba yangu wakakaa mwambani siku tatu wakitazama. Wakaona kwamba maji yakiacha kumwagika juu ya mdomo wa mwamba, bwawa la chini linashuka mpaka migongo ya viboko inatokeza, na mgongo ukikaa juani ngozi inapasuka, na ngozi ikipasuka mnyama hana budi kutoka. Wakachonga chale kwa patasi, sawasawa na ule mdomo, kisha baba yangu akapaka rangi juu yake. Hapo walikubaliana kwamba yaliyo juu ya chale ni ya shamba na yaliyo chini yake hayaguswi. Mzee alinieleza polepole, akipumzika kila baada ya maneno machache, kama anayemfundisha mtu atakayeulizwa baadaye. Mimi miaka yote nilidhani mstari ulikuwa wa kuwaachia maji watu wa chini, na watu wa chini siku hizi wana visima.

Sasa nimefika mahali nilipokuwa nikipakimbia tangu juu ya barua hii.

Siku ile nilipotumwa na brashi baada ya mafuriko, nilienda peke yangu. Rangi ilikuwa imetoka yote, lakini ile chale ilikuwepo, urefu wa kidole, safi. Ningeweza kuufuata mstari nikiwa nimefumba macho. Nikaweka kiganja changu chini yake, hivi, kikiwa kimelala. Nikafikiri juu ya mishiri iliyokufa na maua yake. Nikafikiri kwamba kiganja kimoja kitatupa siku kumi zaidi, na siku kumi ndizo ua linazohitaji kuwa ganda la kuchumwa. Kiganja tu, nikasema, mto mzima utahisi nini? Nikarudi nyumbani, nikachukua saruji iliyobaki tulipojenga choo, nikaiziba chale, nikapaka kuvu na tope juu yake ilingane na jiwe. Kisha nikachora mstari mpya, mzuri, mnyoofu, kiganja kimoja chini ya alama ya baba zetu.

Hakuna aliyenituma. Mburu hakunituma, wala wakala, wala Safaa, ambaye ameyajua haya jana na hajasema nami tangu wakati huo isipokuwa kuhusu sufuria ya Jackie. Ni mimi. Kiganja hicho kimoja ndicho kilichokuwa kikimwagika juu ya mwamba. Tangu Septemba hakuna tone lililovuka, na kila neno nililoandika kwenye daftari lilikuwa la kweli, kwa sababu mstari wangu kweli ulikuwa umelowa. Mguu wa Sifuna ni mimi. Jina la baba yako lililofutwa ni mimi. Ile simu uliyokata kwa uchungu, nilikuwa na uwezo wa kuinyoosha kwa sentensi moja, nikakuambia pole.

Bado kuna jambo moja, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Jana Jumatano nilishuka na patasi kuiondoa ile saruji. Nikakuta imekwisha kuondolewa. Chale iko wazi, imesafishwa kwa msumari, na vipande vya saruji vilivyoanguka chini vimeshaota kuvu. Si vya wiki hii wala mwezi huu. Karibu yake jiwe limekwaruzwa mahali bomba la pampu yako lilipokuwa likilala. Nilikaa pale nikahesabu vizuri. Baba yako aliiona kabla ya mkutano. Alisimama mbele ya watu wakimcheka, akanisikiliza nikisoma daftari lile, akijua. Na asubuhi zote zile njiani, na alasiri zote, aliponiuliza mstari unasemaje, alikuwa anajua. Alikuwa akinipa nafasi mara mbili kwa siku, na mimi nikaikataa mara mbili kwa siku.

Nilikwenda kwake moja kwa moja nikiwa na matope miguuni. Nikamuuliza kwa nini hakunitaja. Akasema mlinzi ni mtoto wa Idarous, na yeye alikuwa akimngoja mtoto wa Idarous arudi. Akapumzika. Kisha akaniuliza tena, kwa sauti ndogo sana, mstari unasemaje. Nikamwambia umekauka, mzee. Umekauka tangu Septemba. Akafumba macho na kusema haya.

Leo alfajiri nimeufuta mstari wangu na kuchora ule wa kweli juu ya chale. Umekaa juu ya maji, mkavu kama mfupa. Nikapandisha kitambaa. Wangeci alimwinua mzee kidogo kwenye mto akakiona, na amekubali kwenda hospitali, lakini kwa sharti moja jipya: anataka umpeleke wewe. Hakusema kwa nini. Nadhani unajua.

Watu wamejaa barabarani tangu asubuhi. Mishiri yote iko kwenye maua, ile ya Mburu hata inaanza kufunga. Wananiuliza mstari uliolowa jana umekaukaje leo, na nimewaambia jibu nitalitoa Jumamosi mkutanoni. Wengine wamezima pampu. Nikiandika hapa nasikia mbili bado zinanguruma, labda tatu. Maofisa wanasema hata tukizima zote leo, bila mvua yatapita majuma mawili kabla maji hayajafika mdomo wa mwamba, na mpaka hapo jike yule hana pa kwenda ila mtaroni. Jana walionekana wengine wawili nyuma ya madarasa.

Ninakuomba mambo mawili, na msamaha haumo, huo sina uso wa kuuomba. La kwanza, uje na gari kesho Ijumaa, usingoje Jumamosi, maana kupumua kwake sikupendi. Ukifika usimwulize lolote kuhusu wizi. Mshike mkono tu. La pili, uichukue barua hii ukaisome mkutanoni ikiwa mimi sitayasema haya mwenyewe. Naujua mdomo wangu, na wewe sasa unaujua. Nimetia saini jina langu kamili ili asiwepo wa kusema ni maneno ya Macharia ya kumtetea babake. Pampu yako nitaitoa stoo na kuibeba kichwani mpaka kwenu, mchana, watu wakiona.

Watoto hawawezi kukosa shule, na njia haiwezi kukosa mtu. Tangu Jumanne debe la baba yako ninalipiga mimi. Sauti yake imekuwa nyembamba kwa yale matundu, lakini inafika.

Msalimie Jackie sana, na umbusu mtoto. Hayat anakusalimia na anauliza kama guka atarudi kukaa kwenye jiwe lake. Namwambia ndiyo. Msalimie pia Idah umpe maji ya kunywa, amebeba mzigo mzito bila kuujua.

Ni mimi, rafiki yako wa tangu utotoni,

Abdulnasir Idarous,
mlinzi wa mstari.

Nimesahau jambo. Ukija kwa njia ya shule, simama pale kwenye kona kabla ya majani marefu uzime injini usikilize. Ukisikia debe linalia polepole, teremka. Likilia kwa haraka, rudi nyuma. Na ukiwa husikii kitu, usiteremke kunitafuta. Pita barabara ya juu, ukamchukue baba yako kwanza.